Goti Lako Lilikuwa Zima, Baba

Buhare, Musoma
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Baba,

Goti lako lilikuwa zima. Sijamwambia mtu, hata mdogo wangu Nyangeta ninayelala naye kitanda kimoja, hata Padre kwenye kitubio. Nilikwenda kutubu mara mbili, na mara zote mbili niliishia kuungama kwamba nimelamba sukari ya wageni. Goti la kulia lilikuwa zima, na la kushoto pia. Ulichechemea miezi mitatu kwa sababu yangu, ukafa ukichechemea, na Mama mpaka leo hajui.

Shuleni tunafundishwa kwamba barua inaanza kwa kumuuliza mtu hali yake, halafu unamweleza ya kwako. Ya kwako siwezi kuuliza. Nakueleza ya huku tu, na ya huku si mazuri, na yametoka mdomoni mwangu.

Nipo mezani, pale ulipokuwaga unafungua redio na kushindwa kuifunga. Chini ya karatasi hii kuna nyingine mbili, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza. Mama ndiye aliyeniagiza niziandike. Kesho baada ya misa ya kwanza anampelekea Padre, maana lile ghala la mazoezi sasa ni la misheni. Zinasema kwamba Sensei Bwire, mwalimu wetu wa karate, alikuumiza goti kwa mazoezi yasiyomfaa mtu wa umri wako, kwamba goti likakulaza, na ulipolala presha ikakukuta. Zinaomba misheni imtoe ghalani kabla hajamwua mzazi mwingine. Ya Kiingereza ni kwa sababu Padre huyu ni mgeni, Kiswahili chake bado ni cha salamu. Mwandiko ni wangu, umenyooka. Ulikuwa ukijivunia kwa watu kwamba binti yako anasoma lugha mbili. Leo asubuhi nimedanganya kwa zote mbili.

Nikisikia mtu nje naiingiza hii chini ya zile. Nimeshaificha mara nne. Mara moja alikuwa kuku tu.

Ngoja nianzie mwanzo, ingawa unaujua. Nikianzia katikati nitaruka pale penyewe.

Ulikuwa mwaka ule kiwanda cha nguo kilipopunguza watu. Wewe ulirudi nyumbani na jora la kitambaa cheupe begani, ndiyo kwaheri waliyokupa baada ya miaka yote ile ya kusimama kwenye mashine. Uliliweka pembeni ya kabati na halikuguswa. Madukani vitu vilikuwa vimerudi, sabuni, sukari, hata viatu vya Ulaya, vile ambavyo nikiwa mdogo Mama alivipangia foleni tangu alfajiri. Sasa vilikuwa vimejaa na sisi tukawa watu wa kuvitazama. Mama akaanza kuuza mitumba Mukendo. Wewe ulikaa. Mtu akipiga hodi ulikuwa unashika jembe ili aone unatoka.

Mimi nilikuwa fomu wani. Kwenye njia ya nyuma ya soko kulikuwa na vijana waliokuwa wakivuta mikoba ya wasichana, na siku moja wakanishika mkono wakanizungusha kama wanacheza. Sauti haikutoka, Baba. Nilifungua mdomo kama sato aliyetupwa mchangani. Mama wa mandazi ndiye aliyewafukuza, na ndiye aliyekuambia. Ulinikalisha hapa hapa ukaniuliza kwa nini sikupiga kelele.

Kesho yake ukasema tunatafuta mahali pa karate. Mama alicheka akadhani unatania.

Unapakumbuka pale pa kwanza, Mukendo, nyuma ya nyumba ya kuonyeshea video? Vijana walikuwa wamejifunga vitambaa kichwani, wanapiga teke gunia la mchanga, na mkubwa wao alivaa miwani ya jua ndani ya chumba cha giza. Alikutazama tumbo akasema, "Mzee, picha inaanza saa kumi." Ukamwambia umemleta binti ajifunze. Akasema wasichana wapo pale, ndio wanaowachotea maji. Halafu akakuuliza na wewe mwenyewe unaitakia nini karate, au mama anakupiga nyumbani. Walicheka wote, na wewe ukacheka nao. Lakini tulipotoka ulinishika mkono mpaka barabarani, na hukuwahi kunishika mkono tangu niko darasa la pili.

Halafu Bunda. Uliambiwa kuna mwanajeshi mstaafu Manyamanyama anayefundisha kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mke kwa mume. Tukapanda lori la rafiki yako wa pamba, tukaenda. Ni kweli alikuwa anapokea kila mtu. Ila alikuwa na fimbo ya mpera, na tulipokuwa tumekaa pale kwenye tofali kuangalia, akamcharaza msichana mdogo miguuni kwa sababu alicheka kwenye mstari. Ulisimama katikati ya somo. "Mwalimu, asante," ukasema. "Viboko tunavyo vya kutosha shuleni." Tulikula mihogo ya kuchoma tukisubiri lori lirudi, na wewe ukawa unahesabu kwa sauti miji iliyobaki, Tarime, Mwanza, kana kwamba tungefika.

Kumbe palikuwa hapa hapa Buhare. Nyangeta alitumwa kusaga mahindi akarudi anasema kwenye ghala la pamba la zamani kuna watu wazima wanapiga kelele na watoto, na hakuna anayelia.

Nikifumba macho bado napaona. Nyuzi za pamba zilikuwa zimenasa kwenye mabati tangu enzi za ushirika, na mtu akipiga teke zuri zilikuwa zinadondoka moja moja juu ya vichwa vyetu. Mtoto wa miaka sita alisimama kando ya Mama Suzana muuza dagaa, na Mama Suzana kando ya fundi baiskeli. Sensei Bwire, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, na Kiswahili chake cha Majita, alikuja kutupokea mlangoni. Aliniuliza jina. Nililisema halikusikika. Watu wote waliowahi kuniuliza jina huwaga wanasema rudia, sema kwa nguvu. Yeye alichuchumaa akasema, "Haina shida. Sauti itakuja yenyewe. Leo lete miguu tu." Halafu akakugeukia. Ukasema wewe umewasindikiza watoto tu. Akakuambia, "Basi vua viatu, mzee wangu, huku hakuna watazamaji." Ukavua. Soksi yako ilikuwa imetoboka, kidole gumba kikatoka nje mbele ya watu wote, na ukaingia nacho.

Ndipo jora likatoka pembeni ya kabati. Mama alishona suti tatu, yako ikabidi aunge kitambaa mara mbili kiunoni, akacheka mpaka akajichoma sindano. Akamshonea na Mama Suzana. Akawashonea watoto wa watu. Siku zile nyumba yetu ilikuwa na mlio wa cherehani mchana kutwa na wewe hukushika jembe la uongo tena. Namwandikia Padre kwamba Mama hakulipenda jambo hili tangu mwanzo. Si kweli hilo pia.

Wewe ulikuwa mbovu kuliko wote, Baba, nisamehe, ni kweli. Ile kata ya kwanza, ule mfululizo wa hatua tunaoupiga pamoja, kwenye mgeuko wa tatu wote tulikuwa tunatazama mlango na wewe unatazama ukuta. Kila siku. Watoto wakakuita Mzee wa Ukutani, na ukiwakuta barabarani walikuwa wanakugeukia mgongo kwa pamoja, nawe unacheka mpaka unashika mti. Mimi miguu ilinikubali. Na siku moja, mwezi wa nne, Sensei alipohesabu, ile kelele ya mwisho ikanitoka. Kubwa. Hata mimi niligeuka kuangalia ni nani. Wewe uliacha kufanya mazoezi ukajifuta macho na mkono wa suti, ukasema vumbi la pamba.

Baada ya mtihani mimi nikapata mkanda wa njano na wewe ukabaki na mweupe. Hapo ndipo ilipoanzia.

Unajua mstari wa pale unavyopangwa. Si kwa umri, ni kwa mkanda, na mwenye mkanda wa chini anamwinamia wa juu kabla ya kushikana naye. Nyumbani nakupa maji ya kunawa nimeinama. Ndani ya ghala wewe ukaniinamia mimi. Siku ya kwanza nililia. Sensei akatukalisha wote chini akasema, "Ndani ya mlango huu rika ni mkanda. Mkitoka nje, kila mtu arudi kwenye rika lake." Uliipenda sana sentensi ile. Ulimwambia kila mtu, ukaenda nayo mpaka Butiama ukamwambia Baba Mkubwa, na yeye hakucheka. Alisema mtu wa rika lake kumwinamia binti wa kumzaa ni jambo la kuombea. Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la ugali. Liliniingia. Tangu siku hiyo ukiniinamia nilikuwa natazama sakafu.

Nilijiambia ni mila. Kwa muda mrefu nimejiambia hivyo, ni mila za kwetu, msichana wa Mara ataachaje kuona haya baba yake akimwinamia. Sasa hivi naandika na hakuna anayeniona, basi niseme vizuri. Si mila. Nilikuwa naona aibu tumbo lako. Lile ungio la kiunoni. Jinsi ulivyokuwa ukihema. Jinsi ulivyokuwa unawaambia watu wasiouliza kwamba umejiunga na karate. Nilikuwa nataka mahali pale pawe pangu peke yangu, na wewe ndiye uliyenipeleka.

Siku ya Bunda.

Michezo ya shule ilifanyika kwenye uwanja wa Manyamanyama, na Sensei alikuwa ameomba nusu saa ya kuonyesha karate, ili wazazi waone inawezekana kuja na watoto wao. Ndiyo maana alitupanga mimi na wewe mwisho, baba na binti. Ungeniinamia, ungenivamia, ningekuangusha, ungeinuka, ungeniinamia tena. Ulijifunza kuanguka wiki mbili juu ya maganda ya mahindi nyuma ya jiko. Mama alikuwa akikuhesabia, tatu, nne, amka Baba Wakuru.

Wenzangu wa shule walikuwepo. Gaudensia alikuwepo, yule nahodha wa netiboli ambaye hajawahi kunisemesha mwaka mzima. Wewe ulikuwa upande wa pili na watoto wa mikanda myeupe mnapasha mwili moto, mnainamiana, na wewe kama kawaida umegeukia upande wako peke yako. Gaudensia akaja na wenzake watatu. Wakashika mkanda wangu, wakasema umependeza, kumbe wewe unajua mambo. Nilikuwa sijawahi kusimama katikati ya watu nikapendeza. Halafu akakuonyesha kwa kidevu.

"Yule mzee anayeinama inama na watoto ni nani yenu?"

Nikasema, "Ni mlinzi wa ghala letu. Wanamruhusu tu kufanya mazoezi."

Nililisema vizuri, kwa sauti inayosikika. Sauti uliyozunguka mkoa mzima kunitafutia, mara ya kwanza kuitumia nje ya ghala nikakukana nayo.

Wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nikageuka na wewe ulikuwa nyuma yangu, hatua mbili, na soda mbili mikononi. Sijui ulivukaje uwanja haraka hivyo. Ulinitazama kidogo tu. Halafu ukainamisha kichwa, si kama tunavyoinamiana ghalani, kama wanavyoinama walinzi kwa watoto wa bosi, na ukaninyooshea moja.

"Dada, soda yako hii," ukasema. Na ile nyingine ukampa Gaudensia. "Chukueni, wanafunzi. Mimi mlinzi nimeshakunywa."

Dada, Baba. Uliniita dada.

Kisha ukaenda kwa Sensei ukamwambia goti limegoma. Yeye akakushika bega, akainama kulitazama, akaniita nije nikushike mkono tukukalishe kivulini. Nilikuja. Nilikushika mkono. Ulikuwa wa moto na hukuukaza wala hukuutoa. Onyesho likaisha bila sisi. Soda niliinywa yote.

Nilidhani utachechemea siku moja. Ulishuka kwenye lori unachechemea, Mama akaja mbio na kanga mabegani, na ukamwambia ni goti, ni mazoezi, umri umefika. Nilisubiri uniangalie ili nijue kama ninapaswa kusema. Hukuniangalia. Kila jioni Mama akachemsha maji ya chumvi, akakukanda kwa mafuta ya kondoo, nawe unasema, "Hapo hapo, mama, shuka kidogo," ukimwonyesha mahali pasipo na kitu. Nyangeta alikukamata mara moja. Akasema, "Baba, leo goti limehamia kushoto?" Ukamjibu limechoka kukaa upande mmoja. Walicheka, Mama mpaka akamwaga maji. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na banda la mbuzi mpaka kicheko kiishe.

Na tukiwa wawili tu, njia ya shamba, ulikuwa unatembea sawasawa. Hilo ndilo lililokuwa linaniua. Ulikuwa unatangulia, miguu yote miwili mizima, mpaka atokee mtu, ndipo unaanza. Hukunisema. Hukuninunia hata. Siku moja kwenye mihogo nilijikaza nikasema, "Baba," halafu nikavuta shina la muhogo. Ukasema, "Huu umezama mbali, lete jembe." Nikaleta. Sijui kama ulinisaidia au ulinikataza. Sijui kama ulikuwa unanificha mimi kwa Mama, au hukutaka tena kuingia mahali ambapo ungeniinamia. Nimewaza yote mawili na siku nyingine nachagua moja, siku nyingine nyingine.

Halafu ile asubuhi ulipoanguka kisimani. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, presha ya siku nyingi, hakuna aliyejua. Alisema vizuri tu kwamba mguu hauhusiki. Mama hakusikia. Alikuwa amelishika lile goti, amepiga magoti kando ya kitanda cha hospitali analikanda, na nesi anamwondoa mikono taratibu.

Tulikuzika Butiama, kwa Baba Mkubwa. Sensei alikuja. Alikuja na wote, wametoka barabara kuu kwa miguu, na wamevaa zile suti. Jora lako lote lilikuwa linakuja kwenye njia ya mtama, Baba, kuanzia yule wa miaka sita mpaka Mama Suzana. Mama akasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mmekuja kumalizia?" Baba Mkubwa akawaambia wasogee wakae mbali na familia. Wakarudi mpaka barabarani, wakapanga mstari, wakainama kuelekea kaburini na kukaa hivyo muda mrefu, mpaka watoto wadogo wakaanza kuyumba.

Nilikuwa kando ya Mama. Sauti nilikuwa nayo. Wakati wanaondoka Sensei alinipita karibu akasema, "Nisamehe, Wakuru. Goti lile nilipaswa kuliona mapema." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia asante. Mtu ananiomba msamaha kwa kosa langu na mimi namwambia asante.

Haya ndiyo yaliyobadilika tangu uende. Sensei hapokei watu wazima tena, anasema anaogopa magoti ya watu. Mama Suzana anawaleta wajukuu anakaa nje juu ya ndoo yake, na suti ameivaa ndani ya kanga, nimeiona shingoni. Watoto wamepungua, maana akina mama wa sokoni wanamsikiliza Mama, na Mama akianza kueleza analia, na nani atambishia mjane. Suti ya Nyangeta imekatwa vitambaa vya kufutia vyombo. Hata hivyo anafanya mazoezi nyuma ya choo, kwa gauni. Kwenye mgeuko wa tatu anageukia ukuta. Anajua kabisa upande wa kweli. Nilimwuliza kwa nini, akasema hiyo ndiyo ya Baba.

Na mimi siendi. Mama anadhani ni kwa sababu nina hasira na Sensei kama yeye. Ananisifu kwa hilo.

Tangu juzi najiuliza kwa nini sisemi. Woga upo, sikatai. Ila kuna lingine. Mama alilikanda goti lile jioni zote za miezi mitatu. Ndicho anachokisimulia, alivyokukanda, mafuta aliyotafuta mpaka Buhemba, jinsi ulivyokuwa unamwambia shuka kidogo. Nikimwambia lilikuwa zima, namwambia alikuwa anakanda uongo, na mwongo ni wewe, na wewe hupo kujitetea, na chanzo ni mimi. Namnyang'anya jioni zote hizo. Nisipomwambia, kesho Padre anasoma mwandiko wangu, na mwaka huu huu ghala linafungwa, na mtoto mwingine asiyetokwa na sauti, na baba yake asiye na kazi, watazunguka mpaka Bunda na kurudi bila kitu. Na Sensei ataishi akiamini alikuua.

Nimeliandika hilo la mwisho kwa kalamu na nimeona sina pa kuligeuzia.

Basi, Baba, nakuahidi. Leo namwambia Mama. Sitasema uliumia kidogo, sitasema tulielewana vibaya, nitasema nilichokisema kwa Gaudensia neno kwa neno, na soda nitaitaja. Kesho nitakwenda naye kwa Padre kama atakubali nimfuate, na kama hatakubali nitakwenda peke yangu, nimweleze kwa Kiingereza na mzee wa kanisa kwa Kiswahili. Kisha Sensei. Yeye ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu najua hatanikasirikia. Butiama nitakwenda likizo, Baba Mkubwa aniombee na mimi. Na Jumatatu nitamtafuta Gaudensia kwenye mstari wa asubuhi, mbele ya watu, nimwambie yule alikuwa baba yangu. Huenda hata hakumbuki. Nitamwambia tu.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nilikuwa na miezi mitatu ya kukuomba njia ya shamba. Lala salama, Baba. Ulikuwa unaanguka vizuri sana juu ya yale maganda, sikuwahi kukuambia.

Mama anakuja. Namsikia njiani anamsalimia Mama Suzana kwa ufupi, bila kusimama. Sasa yupo uani, ametua furushi la mitumba, anamwuliza Nyangeta kama dada amemaliza ile barua ya Padre. Mkono wangu umekwenda wenyewe kwenye zile karatasi mbili. Nimezichukua nimezikalia.

Hii naiacha juu. Anagusa mlango. Ananiuliza mbona nalia, nimekosea Kiingereza?

Nimemwambia, "Kaa kwanza, Mama. Usome hii."

Binti yako,
Wakuru